Mikono ya Kiama, Masikio ya Mumbi

Mchungaji, wazee, majirani na nyote mliofika hapa Kitengela kumsindikiza mzee wetu, familia inawasomea maisha ya Kiama wa Githongo jinsi alivyoyaishi.

Kiama alizaliwa Ngong tarehe 14 Machi 1950, mtoto wa tatu wa marehemu mzee Githongo, akasoma shule ya msingi pale pale Ngong hadi mwaka wa 1965, kisha akajifunza ufundi wa mitambo Nairobi, na mwaka wa 1972 akaandikwa kazi ya fundi wa simu, kazi iliyomfikisha Kajiado mjini mwaka wa 1983, akaifanya hadi alipostaafu Juni 1995.

Tarehe 11 Desemba 1976 alifunga ndoa na Mumbi, wakajaliwa watoto wawili, Shiro mwaka wa 1978 na Githongo mwaka wa 1981.

Aliyemjua Kiama alizijua pia spika zake. Mwaka wa 1991 alinunua spika mbili mpya za sebuleni, akazileta nyumbani kwa furaha ya bwana harusi, na kabla chai haijapoa alikuwa ameshaifungua moja kwa bisibisi. Mumbi alimuuliza, "Baba Shiro, si hii ilikuwa nzima?" naye akajibu kwamba nzima ilikuwa, ila nzuri haikuwa. Alibadilisha twita, ule mdomo mdogo wa sauti nyembamba, akaitengeneza upya krosova, yaani waya na kapasita zinazogawa sauti, nyembamba ziende kwa twita na nzito kwa wufa, ule mdomo mkubwa, na ile spika ya pili hakuigusa, apate ya kulinganisha. Kisha akamketisha Mumbi, mgongo kwa meza, akampigia kaseti ile ile kwa spika hii na kwa ile, na Mumbi, asiyejua kapasita ni nini, akasema moja inaimbia puani. Ilikuwa ile aliyoitengeneza. Kiama alicheka hadi akatoa machozi, akaifungua tena.

Mwaka wa 1996 walihamia Kitengela, akafungua karakana, na watu wakamletea spika za nyumbani kutoka Ewuaso Kedong hadi Illasit.

Mwaka wa 2003 Zakariye, mwenye duka la nguo na rafiki wa familia, alileta spika zake, akazichukua, akazirudisha, akazichukua, akazirudisha tena, akisema kwa upole, "Mzee Kiama, hizi zinakata masikio." Kiama alibadilisha twita, akapima kila kitu, hakuona kosa, akaanza kumkasirikia rafiki yake. Mumbi, aliyekuwa ameona kwa muda mrefu kwamba mumewe hasikii tena filimbi ya birika, alimwambia polepole, "Si spika, Baba Shiro. Ni masikio yako."

Kiama alifunga karakana, akaenda Ngong kwa ndugu zake, na Mumbi alidhani ufundi umeisha, kwa maana fundi wa sauti asiyesikia sauti nyembamba atauza nini. Aliporudi alibeba stuli mpya, akaiweka kando ya yake, akamwambia mkewe, "Kaa hapa. Usinionee huruma, niambie unachosikia." Siku hiyo yeye aliongeza rezista, vijipande vya kupunguza ukali wa twita, moja moja kwenye krosova ya Zakariye, Mumbi akasikiliza, na Mumbi aliposema inatosha, Kiama akalehemu. Zakariye hakuzirudisha tena, na tangu hapo mteja akimsifu Kiama kwa masikio yake, yeye alionyesha stuli ya pili.

Mwaka wa 2006 alipatikana na presha, figo zikafuata, akavumilia matibabu bila kunung'unika, akiwa bado na bisibisi mfukoni, hadi Jumamosi tarehe 9 Agosti 2008, alipofariki hospitalini mjini Kajiado, Mumbi akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kama mzazi wao, mafundi wenzake wa simu, Zakariye na mkewe Kafiya waliotulisha juma hili lote, na mama Roda, jirani asiyetuacha. Mumbi ameomba tuseme kwamba karakana haitafungwa, Githongo atakuwa mikono na yeye ataendelea kusikiliza.

Kiama, mume mpenzi na baba yetu, umefanya kazi ya kutosha, pumzika kwa amani.