Ndege wa Mungu, Mpunga wa Teofili

Kahawa ya Mfaume ilikuwa chungu, benchi lake lilikuwa na mguu mmoja mfupi uliotegeshwa kwa tofali, na hakuna shauri la Ifakara lililopita mbele yake bila kuhukumiwa. Hapo kando ya njia iendayo kivukoni, kila asubuhi baada ya misa, walikaa wale wale. Alikuwapo Hilari, mgonga kengele wa misheni, ambaye watu walimwita Kengele kwa ajili ya kazi yake na kwa ajili ya mdomo wake. Alikuwapo Tadei, aliyepigana vita vya Wazungu huko Burma akarudi na koti moja na hadithi zisizokwisha, wakampa jina la Bama. Na alikuwapo Mfaume mwenyewe, Mwislamu, aliyewasikiliza Wakristo wakigombana huku akiwajazia vikombe. Ulikuwa mwezi wa nne, mpunga bondeni ulikuwa unatia maziwa, na ndege walikwisha kujua. Wanaume wa benchi lile walikuwa wamelima na kupanda, sasa wanangoja kuvuna. Kazi ya katikati, ya kukaa juu ya dungu, kile kichanja cha miti shambani, na kuamia ndege wasile mpunga tangu alfajiri hadi jua kuzama, ilikuwa ya wake zao. Jumamosi hiyo Teofili alifika amenuna, na hata kikombe hakukiomba.

— Domitila ameshuka dunguni, — alisema. — Amesema hapandi tena.

— Anaumwa? — Mfaume aliuliza.

— Haumwi. Amefundishwa.

Hakuhitaji kueleza na nani. Bonde zima lilikwisha msikia Leodegar, mtu aliyetokea upande wa Mahenge akajitambulisha kuwa aliwahi kuwa mpishi wa mapadre, akajenga kibanda karibu na mashamba na kuanza kuwakusanya wanawake jioni. Hakuleta kitabu kipya wala Mungu mpya. Alileta mstari mmoja tu wa Injili, nao akaupindua kama mtu anavyopindua nguo iliyochakaa upande wa nje.

— Nisikilizeni vizuri, — alisema Teofili. — Anawaambia hivi: waangalieni ndege wa angani, hawapandi wala hawavuni, na Baba yenu wa mbinguni huwalisha. Sasa Baba huwalisha kwa kitu gani? Kwa mpunga. Basi ukimfukuza ndege umempokonya Mungu kijiko mkononi. Hayo ndiyo mafundisho. Na kesho Jumapili atawaapisha mbele ya msalaba kwamba hawatarusha kombeo tena maisha yao yote. Mke wangu amekubali kuapa, na akishaapa mnamjua Domitila, hata Bwana Shauri aje na askari hatamgeuza.

— Padre yuko wapi? — Bama aliuliza.

— Amevuka mto kutembelea vigango. Wiki nzima hayupo. Ndiyo maana nimekuja kwenu, Mungu anisamehe. Nataka neno moja tu la kumwambia mke wangu leo kabla ya jioni. Basi.

Kengele alikohoa, akavuta rozari yake mfukoni ionekane kidogo. Mambo ya dini yalikuwa yake, na asiyejua hivyo alijulishwa.

— Mwalimu wa uongo hujulikana upesi sana, — alisema. — Hana ndevu. Umeshaona padre wa kweli hapa Ifakara asiye na ndevu mpaka kifuani? Leodegar kidevu chake ni kitupu kama yai. Unataka ushahidi gani tena?

— Beberu ana ndevu, — alisema Mfaume.

— Mfaume, wewe mimina kahawa.

— Namimina.

— Kengele, — Teofili alisema, — nirudi nyumbani nikamwambie Domitila asiape kwa sababu mtu hana ndevu?

— Kuna na Kilatini. Mwongo hawezi Kilatini, kinamchoma ulimi. Nami sikukaa kimya, nilimwendea mwenyewe juzi nikamtegea ghafla. Nikamrushia salamu ya misa, *Dominus vobiscum*.

— Akafanyaje?

— Akanijibu. Tena kwa sauti nzuri kuliko yako.

— Kwa hiyo ni wa kweli?

Kengele aliwaza kidogo.

— Kwa Kilatini ni wa kweli. Kwa ndevu ni mwongo.

Teofili alishika kichwa. Alitazama upande wa bondeni, akayawazia yale madebe yaliyofungwa kambani ya kutishia ndege, yananing'inia tu bila mtu wa kuyavuta. Kila kikombe walichokunywa hapa, kule kishuke kilikuwa kinafyonzwa.

— Nyinyi mnazunguka mbuyu, — alisema Bama. — Wahenga walisema, mwenda pole hajikwai. Kwa hiyo twende tukamkamate sasa hivi, mbio.

— Methali hiyo inasema kinyume, Bama, — alisema Teofili.

— Inategemea unakwenda wapi. Huko Bama tulikuwa na mtu kama huyu katika kombania yetu. Mpole, anajua sala zote, anawaambia askari lala, lala, Mungu analinda. Tukalala. Alfajiri hatuna hata sufuria.

— Alikuwa mwizi?

— Alikuwa jasusi. Na Leodegar ni jasusi. Ametumwa na hao wa ng'ambo wanaolima pamba, ili mpunga wetu ukiisha tukalime pamba yao. Dawa ni moja. Tunamtia kwenye mtumbwi, tunampeleka kwenye viboko wa mtoni. Mwalimu wa kweli kiboko hamgusi.

— Na wewe mpiga kasia je? — Mfaume aliuliza. — Kiboko atakubagua?

Bama alivuta kikombe akanywa kahawa.

— Mimi nina swali, — alisema Mfaume taratibu. — Huyu Leodegar, mpunga wake unaliwa na ndege vilevile?

— Hana shamba, — alisema Teofili. — Wanawake wanampelekea ugali na kambale.

— Basi mimi nimeshamaliza. Kwetu mtu akikufundisha kutoa, tunatazama kwanza kama na yeye anatoa.

Teofili aliona hapo pana kitu, akafungua mdomo ashike uzi huo, lakini Kengele alikuwa keshaukata.

— Hilo si neno. Hata padre hana shamba la mpunga. Tukienda kwa kipimo hicho tutamfukuza na padre.

— Padre hajamwambia mtu aache kuamia!

— Usipandishe sauti, Teofili, hapa ni mahali pa heshima. Halafu tuseme haki, yule mtu ana hoja kidogo. Haba na haba hujaza kibaba. Ndege huyu akila haba, na yule haba, kibaba kinajaa.

— Kibaba cha nani? — Teofili aliuliza. — Kengele, kibaba cha nani kinajaa?

— Methali haisemi.

Sasa Teofili alikuwa amechoka kweli. Aliwaeleza tena, polepole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia mara ya pili. Alisema shida yake ni kwamba maneno yenyewe ni ya Yesu. Jana usiku alimwambia Domitila kwamba ni uongo mtupu. Domitila akamwuliza, hayo maneno padre hakuyasoma kanisani? Akasema aliyasoma. Akamwuliza, basi na padre ni mwongo? Hapo alinyamaza, na mwanaume akishanyamaza mbele ya mke wake kwa jambo la dini, mpunga umekwenda.

— Hapo ndipo penyewe, — alisema. — Angeleta maneno ya shetani ningeyajua. Ameleta ya Bwana. Kayachukua nusu, nusu kaiacha njiani. Yesu alisema tusihangaike rohoni, au siyo? Hakusema tukae. Hata huyo ndege tangu alfajiri yuko kazini, tena kwenye shamba langu.

Yalikuwa maneno mazuri. Pengine yalikuwa ndiyo yale aliyokuwa akiyatafuta. Lakini benchi lilikwisha pata moto, na benchi likipata moto halisikii.

— Mimi nasema wale si ndege, — alisema Kengele.

— Ni nini?

— Ni roho. Za wale wazee waliokufa bila ubatizo. Ndiyo maana Leodegar anawatetea, ni jamaa zake. Tuchukue maji ya baraka, ndoo mbili, tuwanyunyizie. Aliye ndege ataruka. Aliye roho ataanguka.

— Wakianguka wote? — aliuliza Mfaume.

— Tutakuwa tumebatiza bonde zima kwa siku moja.

— Wajapani, — alisema Bama.

Walimgeukia.

— Wale ndege nimewaona Bama. Mdomo mwekundu, wanakwenda kwa kundi, kundi linageuka pamoja kama limepewa amri. Ndege wa Mungu hana amri. Wale walifuata meli yetu wakati wa kurudi.

— Bama, — alisema Teofili, — bibi yangu alikuwa anaamia ndege hao kabla wewe hujazaliwa.

— Basi walitangulia.

Katikati ya maneno hayo mama mmoja alikuwa amesimama kando, fungu la mikeka kichwani, vumbi la safari miguuni. Aliwaamkia, wakaitikia marahaba. Akasema anaitwa Digna, ametoka Sanje kuja kumwona dada yake ng'ambo ya mto, na angependa kujua kivuko kiko upande gani. Mfaume alimwonyesha, akamkaribisha atue mzigo apate maji kwanza. Digna akatua, akanywa, na huku anakunywa alikuwa akisikiliza habari za roho na Wajapani mpaka kikombe kikaisha.

— Samahani, kaka zangu, — alisema. — Sikuanza na nyinyi tangu mwanzo. Huyo mama aliyeshuka dunguni ni wa nani?

— Ni mke wangu, — alisema Teofili.

— Huyo mwalimu alimwambia nini hata akashuka?

Kengele alisafisha koo.

— Alimwambia, waangalieni ndege wa angani...

— Hayo nimeyasikia, kaka. Namwuliza mwenye mke. Ilianzaje?

Teofili alijikuna shavu. Ilikuwa sehemu ya habari ambayo hakuona haja ya kuileta mbele ya baraza, maana haikuwa na dini ndani yake.

— Ilianza siku ya mvua ile kubwa, — alisema. — Leodegar alikuwa anapita, akamkuta Domitila juu ya dungu amelowa, anapiga madebe. Akamwambia, mama, umechoka, shuka upumzike. Akashuka. Halafu mke wangu akiwa anakausha nguo kwenye moto wa kibanda cha Leodegar, ndipo huyo akamsomea hayo ya ndege.

— Alianza na kumwambia apumzike?

— Ndiyo, alianza na hilo.

Digna alimtazama. Hapakuwa na kejeli usoni mwake, alikuwa kama mtu aliyekosa kipande cha hadithi na anataka kukipata kabla hajaondoka.

— Na wewe, kaka, ulikuwa hujamwambia?

Bama aliinama kuchungulia tofali chini ya mguu wa benchi. Kengele aliirudisha rozari mfukoni; mke wake Rosa alikuwa dunguni saa ile ile, na kabla ya hapo alikuwa dunguni jana. Mfaume alishika birika akalitikisa kama anayetaka kujua kimebaki nini, ingawa alijua. Digna alingoja kidogo, kisha akaona labda ameuliza jambo ambalo kwa watu wa Ifakara haliulizwi. Akaomba radhi, akajitwika mikeka yake, akashika njia ya kivukoni.

Teofili aliona aibu, tena aibu nzito iliyompanda mpaka masikioni. Lakini hasira yake kwa Leodegar haikupungua hata chembe, ilizidi. Yule mtu alikuwa mwongo, na atabaki mwongo. Kilichomchoma ni kwamba mwongo alikuja na uongo wake ameufunga ndani ya neno moja la kweli, neno ambalo lilikuwa la mume kulisema, naye mume alikuwa hapa benchini.

Akasimama.

— Unakwenda kumkabili? — Bama aliuliza. — Ngoja nichukue koti.

— Nakwenda shambani.

— Kufanya nini?

— Kuamia.

— Wewe? — alisema Kengele. — Mchana kweupe? Watu watakuona.

Teofili alikwisha wapa mgongo. Alishika njia ya bondeni kwa haraka, na alikuwa amefika penye mfereji wa kwanza alipokumbuka kwamba hajui kombeo linakaa wapi. Mpunga ulikuwa wake, dungu alilijenga kwa mikono yake, na kila msimu tangu amwoe mke yule alikuwa amekula wali wa shamba lile, lakini kombeo hakupata kuliulizia. Alisimama hapo kidogo akijitukana. Kisha akageuza akarudi nyumbani.

Domitila alikuwa ameketi mlangoni anachagua mchele. Alimwona anavyokuja akajiweka sawa, maana alijua mumewe ametoka kwa Mfaume na alitegemea hotuba.

— Domitila, kombeo unaliweka wapi?

— La nini?

— Nataka kwenda kuamia. Wewe umechoka. Pumzika.

Domitila aliacha kuchagua. Alimtazama mumewe toka kichwani mpaka miguuni, na Teofili akaogopa kwamba sasa atamwambia habari za kiapo cha kesho, naye hana jibu jipya la kumpa zaidi ya hilo alilokwisha sema.

— Liko chini ya kitanda, — alisema mwishowe, — upande wako.

Aliinamisha kichwa juu ya ungo, akatupa chuya moja, akatupa na nyingine.

— Na kamba ya madebe upande wa mtoni imekatika, — akasema. — Uifunge kabla hujapanda, wale ndege ndiko wanakoanzia.