Besi ya Kasyoka na Mashine ya Unga

Pauline Kasyoka Ngui alizaliwa tarehe 14 Machi 1988 hapa Masii, binti wa pili wa marehemu Mzee Ngui na Mama Nzilani. Mama anasema alilia kwa sauti nzito, ya chini, bila haraka. Hakubadilika.

Alisoma shule ya msingi hapa hapa, ya upili Mwala, kisha akasomea afya ya mifugo Machakos mjini. Stashahada aliimaliza, jambo ambalo si kila mtu katika ukoo huu anaweza kusema. Kuanzia 2010 aliuza dawa za mifugo sokoni.

Kwenye programu mliyoshika, kamati ya mazishi imeandika "alipenda muziki", basi. Haitoshi. Kasyoka alipiga besi miaka kumi na minne katika Silanga Kavu, bendi ya roki ambayo redio haikuwahi kuigusa. Walianza 2011 ndani ya kibanda cha mashine ya unga ya Henry Mutiso, ikisaga, kwa kuwa hapo tu hakuna mtu angesikia kelele yao. Mwaka 2013 wakaalikwa Nairobi. Wimbo wa kwanza ukawavunjikia mikononi. Kumbe Kimanzi, mpiga ngoma, siku zote alikuwa akifuata mdundo wa injini ya mashine, na Nairobi haikuwepo! Watu wakacheka. Kasyoka akashika maikrofoni: "Chekeni vizuri. Tutarudi na injini."

Wakairekodi, wakarudi nayo. Kuanzia hapo kila wimbo ulianza na mashine ikiwashwa. Makelele ya ujana yakapungua, gitaa likakauka, besi ikaja mbele. Mwishowe akaitwa nyanya yake Kasyoka, Kalondu, na ngoma yake ya kilumi, ile ya kale ya Wakamba ya kuita mizimu. Nyanya akasikiliza injini kidogo, akasema, "Hii inachelewa," akawaongoza yeye.

Mzee Kaloki wa kanisa aliwahi kumuuliza, "Wewe Kasyoka, hiyo ni nyimbo ama ni mbuzi inachinjwa?"

"Mzee wangu, mbuzi inachinjwa mara moja. Sisi tuko na nyimbo kumi na moja."

Aliolewa na Henry tarehe 6 Desemba 2014, wakajaliwa binti, Carol. Henry anakiri kwamba siku ya kwanza alikuja kuwafukuza mashineni. Kasyoka akamwambia, "Kaka, nishikie huu waya kidogo." Hakuuachilia tena.

Figo zilianza kumsumbua Agosti 2022. Siku za kusafishwa damu alikaa na besi mapajani, bila spika, akitunga kwa vidole. Alifariki asubuhi ya tarehe 3 Juni 2025. Aliacha ombi moja: ashushwe kaburini kwa mdundo wake. Kamati ikakataa, na Mzee Kaloki akaandika kwa mkono wake: hakuna gitaa, hakuna ngoma, hakuna spika bomani. Tumetii. Tazameni, hakuna chombo hata kimoja.

Ameacha mama, mume, binti, Nyanya Kalondu, na Kimanzi, ambaye leo hajui aweke wapi mikono.

Lakini mahindi ya wageni bado hayajasagwa, na mashine iko hapo ng'ambo ya ua. Kusaga hakukukatazwa. Kupiga miguu chini pia hakukukatazwa. Kimanzi ataanza, sisi tutafuata, na wanaoshika kamba za jeneza watateremsha kwa mwendo huo huo.

Henry, washa.

Kasyoka na apumzike kwa amani. Kimya hakuomba.