Sufuria za Mwahija

Katika treni ya kwenda Shinyanga, siku za reli mpya, karani wa pamba aitwaye Ansgar, aliyeketi mbele yangu, alimgeukia Mwahija, mama aliyekumbatia sufuria. "Mama, mpangaji lazima akate bima ya vyombo. Nyumba ikiungua mwenye nyumba atajenga, wewe utabaki na kanga uliyovaa."

Mwahija akacheka. "Mwanangu, niliyopanga imeungua juzi, na moto haukupata hata kijiko! Majirani walikuwa wameazima kila kitu changu kwa arusi, mpaka kitanda."

Ansgar akamsogelea. "Je, kama moto ungezuka huko huko arusini?"

Treni ikasimama. Mwahija akaanza kupitisha sufuria dirishani, na wanawake waliozipokea kwa arusi nyingine wakapiga vigelegele hata sikusikia alivyomjibu.