Mama Yolande Numbi na Protini Iliyoyeyuka

Mama Yolande Numbi anastaafu tarehe 30 Septemba 2016, baada ya kutunza friza za maabara yetu hapa Auderghem, Brussels, kwa miaka kumi na mitano. Katika muda huo amehudumia wakurugenzi wanne, nembo tatu mpya na friza tisa. Friza ndizo zilizomsumbua kidogo kuliko wote.

Kwao Likasi alikuwa mhudumu wa famasia. Brussels ilivitazama vyeti vyake, ikampa ufagio. Siku moja alimkuta mtafiti akitafuta kichupa huku ameacha mlango wa friza wazi. Akamwonyesha kilipo, akafunga mlango, akaendelea kufagia. Mwezi uliofuata akakabidhiwa funguo.

Kwa wageni wetu wa leo: katika friza hizo hukaa, miongoni mwa vitu vingine, protini ya binadamu inayoshika DNA na kuamuru jeni zipi ziamke. Hutengenezwa kwa kutumia bakteria, huuzwa kwa utafiti tu, na huja katika kichupa kidogo kuliko kidole. Ikikosa baridi kali hufa, ila sura haibadiliki. Katika hilo inafanana na baadhi ya kamati zetu.

Jumatano, tarehe 20 Mei 2009, kichupa kama hicho kilifika mapokezi, ninapofanya kazi mimi ninayeandika haya. Mama Yolande alikuwa likizo. Utaratibu mpya ulitaka saini ya mkurugenzi kabla kifurushi hakijafunguliwa, naye mkurugenzi alikuwa kwenye kongamano la kupunguza urasimu. Kesho yake ilikuwa sikukuu ya Kupaa, na Ijumaa kila mtu akaunganisha mapumziko. Nilikiacha kifurushi mezani, karibu na dirisha, nikaenda zangu nyumbani.

Jumatatu Mama Yolande akakikuta. Barafu kavu iliyofungwa nacho ilikuwa imekwisha yote.

"Kassimu, hii kintu iko hapa tangu mercredi, Jumatano ile?"

"Nilikuwa nangojea saini, Maman."

"Bon. Saini haigandishe kintu."

Akaandika katika daftari la friza: *Imefika imeyeyuka. Isitumike.*

Profesa Delwart, aliyekuwa ameiagiza protini hiyo, akaitumia. Matokeo yakawa mazuri ajabu. Jeni ziliamka kuliko zilivyowahi kuamka katika maabara yoyote. Makala ikaandikwa, keki ikakatwa. Kisha jarida lililopelekewa makala likaomba nakala ya daftari la friza.

Profesa akashuka ghorofa ya chini, akamwomba Mama Yolande kwa Kifaransa cha upole auandike upya ukurasa ule.

"Mkataba wako unaisha Desemba," alimkumbusha.

"Najua, Profesa. Lakini iliyeyuka."

Mkataba ulifanywa upya, ila wa kuosha vyombo vya maabara, kwenye chumba kisicho na dirisha. Alikaa humo miezi kumi na mmoja. Alikuwa na watoto wawili chuoni, hakuweza kuacha kazi. Jarida lilitumiwa barua ndefu kuhusu ubora wa taasisi yetu, likaridhika, makala ikatoka. Mimi nilijua kila kitu na sikusema. Nilikuwa na mkataba pia. Mara moja tu alinigusia jambo hilo, tukiwa tunangoja metro. "Nililia, Kassimu. Halafu nikaosha machupa."

Aliyeshuka kumtafuta ni Inès, mwanafunzi wa uzamivu, aliyekuwa akijenga tasnifu yake yote juu ya matokeo yale. Alikuwa ameliona daftari, akataka kujua maana ya neno "imeyeyuka". Mama Yolande alikausha mikono kwanza.

"Rudilia ile kazi, mutoto wangu, lakini usitie protini."

Ni kipimo anachofundishwa kila mwanafunzi mwaka wa kwanza, na ambacho jengo zima lilikuwa limekisahau kwa furaha. Inès akarudia bila protini. Jeni ziliamka vilevile. Kilichoziamsha ni uchafu uliokuwa ndani ya dawa nyingine ya jaribio hilo. Zaidi ya mwaka mmoja wa kazi yake ukaenda na maji. Hata hivyo alisimama mbele ya mkutano wa wafanyakazi wote akaonyesha majedwali yake, na siku hiyo nami nilinyanyua mkono nikaeleza kifurushi kilikaa wapi.

Makala iliondolewa. Kamati ilikaa mara saba, ikagundua kwamba chanzo cha tatizo ni rangi ya daftari. Profesa alipewa tuzo ya uwazi. Mama Yolande akarudishiwa funguo bila neno la pole, kwa kuwa katika miezi ile kumi na mmoja hakuna aliyeweza kupata kitu chochote ndani ya friza.

Pole hiyo tunaitoa leo, imechelewa, pamoja na asante. Inès, ambaye sasa ni daktari na ana maabara yake, ameomba jina lake liwe la kwanza kwenye kadi ya kuaga. La pili ni langu.

Mwezi Novemba Mama Yolande anakwenda Likasi kwa dada yake, ambaye hawajaonana naye tangu 1998. Maman, safari iwe nyepesi. Tunakuombea siku ndefu za afya, na dada yako akufungulie mlango kabla hujabisha hodi.

Kassimu, Mapokezi