Mama Makufuli Afungiwa Nje

Baada ya miaka ishirini na tisa katika ofisi yetu ya maji, Mama Makufuli anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Jina lake halisi limo kwenye orodha ya mishahara. Sisi tumelisahau, kama tulivyozoea kusahau nywila zetu.

Aliajiriwa kama mchapaji, akajifunza kompyuta mpaka akakabidhiwa mitambo yote, pamoja na ule unaowasha pampu za mji mzima. Enzi hizo nywila ya pampu tuliibandika ukutani, juu ya birika la chai. Akaibandua. Nywila zote akazitia kwenye hazina isiyo na vitufe wala picha, skrini nyeusi tupu: unaandika amri, unatumia ufunguo wako wa siri, nywila inanakiliwa, na punde inafutika. Jamani, tulilalamika! Fundi wa pampu alisema afadhali abebe maji kwa ndoo. Aliyepiga kelele kuliko wote ni mimi, ninayerithi kiti chake.

Utaratibu wake hauna mjomba wala shangazi. Mtu akiondoka, ufunguo wake hutolewa, nywila hubadilishwa, na hazina hufungwa upya kwa funguo za wanaobaki. Safari hii anayeondoka ni yeye, na wa kumtoa ni mimi. Nikikosea, mji unakosa maji.

Tulifanya jaribio kwanza, namshukuru Mungu, kwenye nakala ya hazina. Nikaandika amri kwa mbwembwe, nikajitoa mwenyewe! Mama akabaki ndani, mimi nje, naye akicheka mpaka akavua miwani. Alinikumbusha kwa upole kwamba anayestaafu ni yeye.

Ijumaa iliyopita ikawa kweli. Nilisoma jina la anayetolewa weee, ndipo nikabonyeza. Fundi akachukua nywila mpya kwa ufunguo wake, pampu zikanguruma. Mama hakuridhika. Alivuta kiti, akajaribu kuingia kama alivyofanya kila asubuhi. Skrini ikamkatalia. Akapiga makofi, akanipa mkono. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Nikaishia kulia mbele ya mkurugenzi.

Asante, Mama, kwa kutuvumilia sisi wabishi. Kapumzike, ulale mpaka jua lipande, afya njema ikuandame. Na ukitukumbuka, usihangaike kutafuta ufunguo. Piga hodi tu, tutakuja mbio kukufungulia.