Mzee Kaleli na Mlango wa Kushoto

Wapendwa wafanyakazi wenzangu wa Thika na wa tawi la Ruiru,

Nawasalimu kwa jina la Bwana. Habari zenu na za nyumbani? Natumaini kikohozi cha mvua hizi hakijawabana sana, na wale waliokuwa na wagonjwa wamepata nafuu. Sisi wa karakana tuko salama, tunamshukuru Mungu, ingawa wiki hii pamekuwa na kimya ambacho hatujakizoea.

Ofisi imeniomba niandike machache kuhusu mwenzetu. Mimi ni mtu wa stoo, si mtu wa kalamu, kwa hivyo mtanivumilia.

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba, Mzee Kaleli Kitonga, fundi wetu wa milango, anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi. Alianza mwaka wa 1994 akiwa mwosha magari. Karakana wakati huo ilikuwa mabati juu ya nguzo, na mvua ikinyesha, magari yalijiosha yenyewe. Yeye husema ndiyo sababu alilazimika kutafuta kazi nyingine ya kufanya.

Akaangukia milango kwa kuwa hakuna aliyeitaka. Fundi wa injini ana heshima yake, na wa giaboksi ana yake. Mlango hukupa mikwaruzo tu. Gari la zamani lina ile paneli ya ndani, ubao uliovalishwa ngozi ambapo abiria hupumzisha mkono. Nyuma yake ndiko kuna loki, springi na kioo, na huwezi kugusa chochote kabla hujaitoa. Gari likishakaa miaka mingi kwenye jua la huku kwetu, paneli huwa haitoki kwa hiari. Ubao umekauka kama biskuti, vibanio vimezeeka. Ukivuta kwa hasira, nusu inakuja na wewe na nusu inabaki mlangoni.

Mzee Kaleli havuti kwa hasira. Kwanza anavua kofia na kuitega chini ya ule mkono wa kuzungushia kioo. Halafu anapitisha kitambaa nyuma yake, anakivuta huku na huku kama mtu anayeng'arisha kiatu, mpaka kile kiwaya kidogo kinachoushika kinaruka na kutua ndani ya kofia. Wengine wetu tumetafuta viwaya hivyo chini ya magari tukitambaa kama watoto. Yeye hajawahi kupoteza hata kimoja.

Baada ya hapo anabisha. Anagonga kwa kifundo cha kidole kuzunguka ukingo wote, sikio likiwa karibu, maana palipokaza ndipo penye kibanio. Na kabla hajagonga lazima aseme hodi, kwa sauti, kama mtu aliyefika kwa jirani. Mafundi wageni walikuwa wakicheka. Lakini ikawa ndiyo desturi ya karakana yetu: Mzee akisema hodi, yeyote aliyesikia, hata kama yuko chini ya lori, anamjibu "Karibu, Mzee." Hapo ndipo anapoanza kazi.

Kifaa chake cha kubandulia ni mwiko wa ugali. Mkewe, marehemu Nzisa, ambaye sisi tulimwita Mama Mutheu, aliutafuta jikoni wiki nzima. Alipomletea chakula siku moja akaukuta kwenye meza ya kazi, umechongwa mdomo ukawa bapa kama patasi. Alimwambia mbele yetu sote kwamba kuanzia jioni hiyo ugali utasongwa kwa bisibisi. Tulicheka hadi Jared, fundi wetu wa rangi, akamwaga rangi.

Kuna pia ile siku ya simu. Mzee alikuwa amerudisha paneli ya gari la Dianah, mteja wetu wa Kahawa Wendani, akapangusa mikono, akaaga. Yule mama alipofika Ruiru akasikia mlango unaita. Ukanyamaza, ukaita tena. Alisimamisha gari kando ya barabara akidhani ni mambo ya kukemewa kwa jina la Yesu. Kumbe Mzee alikuwa ameisahau simu ndani ya mlango, na aliyekuwa akipiga ni Mama Mutheu, anauliza kama leo atakula maharagwe au ndengu. Gari lilipogeuza na kurudi Thika, Mama Mutheu alikuwa ameshapiga mara nyingi sana, na Mzee alipopatikana hakumuuliza simu ilikuwa wapi. Aliuliza tena: maharagwe au ndengu? Siku hizi Mzee haipotezi simu yake. Inakaa mezani kimya tangu asubuhi hadi jioni.

Amewafunza mafundi wanne wa milango, wawili wako hapa na wawili Ruiru. Maombi ya Jumatatu asubuhi aliyaongoza yeye, mafupi, kwa sababu alisema Mungu naye ana wiki ya kuanza. Mara mbili alichaguliwa kuwa mfanyakazi bora. Zawadi ya kwanza ilikuwa birika la chai. Ya pili pia ilikuwa birika la chai, la aina ile ile. Mama Mutheu akasema basi hilo la pili ni la wageni.

Mama Mutheu alitutoka miaka mitatu iliyopita. Binti yao Mutheu ameolewa Kitale na ana watoto wadogo, anakuja akipata nafasi. Mzee amebaki peke yake kwenye nyumba yao ya kupanga pale Ruiru.

Sasa niwaambie jambo la wiki iliyopita, maana bila hilo sitakuwa nimewaambia Mzee ni nani.

Mnaijua Corolla yake, ile kuukuu ya rangi ya krimu. Mlango wake wa kushoto, wa abiria wa mbele, ulikuwa haufunguki. Jioni akitubeba mimi na Jared, sote wawili tulikaa nyuma, na yeye mbele peke yake kama dereva wa kuajiriwa. Jared hakumwacha. Alimwambia watu wa Ruiru wanadhani sisi ni waheshimiwa, na kwamba ni ajabu fundi wa milango kutembea na mlango wa aibu. Mzee alicheka tu na kusema siku moja atapata nafasi. Tuliamini ni uvivu wa mtu anayeshinda akitengeneza vya wengine.

Basi wenzetu wakakubaliana kwamba zawadi ya kumuaga itakuwa huo mlango. Jumatano, Mzee alipoitwa ofisini kuhusu mambo ya kustaafu, Jared na wenzake wakalisogeza gari kivulini. Mkumbuke kwamba paneli ya mlango uliofungwa ni taabu mara mbili. Skrubu za ukingoni hazifikiki, na kiti kinakuzuia. Jared, kwa nia njema kabisa, akaleta bisibisi kubwa, ile ya lori, akaichomeka chini ya ukingo. Ubao ukaanza kulia.

Mzee akatokea na karatasi zake mkononi. Hakukimbia wala kupaza sauti. Aliweka karatasi juu ya boneti, akamwekea Jared mkono begani.

"Wacha kwanza, Jared," alisema. "Nzisa ndiye aliyeufunga mwisho."

Akatueleza akiwa amesimama hapo hapo. Siku ile alipompeleka hospitali, Mama Mutheu alishuka mwenyewe, hakutaka kusaidiwa, akausukuma mlango kwa mikono yote miwili jinsi alivyozoea. Hakutoka hospitali. Mzee aliporudi kwenye gari, akajaribu kuufungua aweke nguo za mkewe kwenye kiti, ukakataa. Akaweka nguo nyuma. Tangu siku hiyo hakuugusa.

Jared alichomoa bisibisi polepole, akakosa pa kuiweka. Aliomba msamaha, na Mzee akamwambia hana kosa, amletee tu mwiko.

Tulidhani anataka kuondoka nao. Lakini alikitoa kiti cha mbele, akapiga magoti sakafuni mwa gari, akavua kofia na kuitega. Akapitisha kitambaa. Kiwaya kikaruka, kikatua. Halafu akauelekea mlango na kusema hodi.

Hakuna aliyejibu. Hatukuona kama ni sisi wa kujibu mlango huo. Mzee alingoja, kwa muda ule ule ambao mtu hungoja nje ya nyumba ya watu, kisha akaanza kubisha kuzunguka ukingo.

Ilimchukua muda mrefu kuliko paneli yoyote niliyowahi kumwona akiitoa. Alianzia chini, kibanio kimoja kimoja, akipumzika katikati. Ilipotoka, paneli ilikuwa nzima, hata ufa mmoja hakuna. Akaingiza mkono ndani mpaka bega, akapapasa. Nanyi mnajua vitu ambavyo ametoa milangoni kwa miaka hii: hereni, vitana, hata karatasi za mahubiri ya pasta zilizodumbukia kupitia upenyo wa kioo. Sote tulisubiri. Alipapasa pembe moja, akahamia nyingine, akarudia ya kwanza.

"Hamna kitu," alisema. "Ni springi tu, imekatika."

Nilimpa springi nyingine kutoka stoo. Akaifunga, akatia mafuta, akashuka na kuzunguka gari. Akaufungua mlango kwa nje. Ukafunguka kama mpya. Akaufunga, kwa mkono mmoja.

Jioni hiyo, paneli na kiti vikiwa vimerudi mahali pake, nilikaa mbele, nikashuka mwisho Ruiru, nikaingia kumsalimia. Alinipikia chai kwenye lile birika la kwanza. La pili, la wageni, lipo juu ya kabati, bado liko ndani ya boksi lake. Aliniona nikilitazama. Akasema Jumatatu ndiyo inayomtisha, kwa sababu hajui ataamka aende wapi, na siku hizi nyumbani kwake hakuna wa kumjibu hodi.

Mzee Kaleli, tunakushukuru kwa kila mlango, kwa maombi mafupi na kwa kututengenezea kicheko. Bwana akulinde, akupe afya na siku ndefu zenye watu ndani yake. Haya ndiyo tunayokutakia, tena kutoka moyoni.

Na ninyi wenzangu, nina ombi moja. Kila Jumapili Mzee anatoka Ruiru kuja kanisani hapa Thika, halafu anarudi nyumbani peke yake. Kiti cha mbele sasa kina njia. Kila mmoja wenu anichagulie Jumapili yake moja, akae hapo mpaka Ruiru, ashuke, anywe chai. Mimi nimechukua ya kwanza, na Jared amechukua inayofuata. Zilizobaki ni zenu. Nitumieni jibu stoo au kwa simu, na tafadhali msikawie, nataka nimwambie Ijumaa kabla hajaondoka.

Ni mimi dada yenu katika Bwana,
Benta Akoth, Mama Mitchell wa stoo.