Tuonyeshe Mahali Walikupasua

Akina mama wenzangu wa chama, mkiniona nimesimama bila kushika tumbo, mpigieni Mungu makofi kwanza. Haya, asanteni. Sasa kaeni vizuri, maneno yenyewe ni machungu.

Baada ya mtoto wa nne, mimi na mzee wangu tulikubaliana nifunge uzazi. Sikukatwa. Waliniingizia springi mbili ndogo kwa mirija ya uzazi, nyembamba kama ile ya ndani ya biro. Nikarudi hapa Kibomet nikicheka.

Maumivu yalianza wakati wa palizi ya mahindi. Nikienda hospitali, ati ni vidonda vya tumbo. Nikilala, mzee ananiambia, "Wewe kila siku tumbo, tumbo. Si useme tu hunitaki?" Ndugu zangu, nawaambia, nilikuwa namtaka. Hilo ndilo liliniua. Mwishowe alihamia shamba letu la Endebess, akaoa huko.

Halafu yakaja yale matanga ya Misikhu. Tulikuwa tunakata kabichi, nikaanguka na kisu mkononi. Wengine wakasema nakwepa kazi. Mama mmoja, yuko hapa na amenikataza nisimtaje, akasema, "Huyu hachezi bana. Huyu anaumwa." Nililia kama mtoto, kwa sababu mtu ameniamini. Akanipeleka hospitali kupigwa picha ya tumbo yeye mwenyewe. Kumbe springi moja ilikuwa imetoboa mrija, imetokeza nje.

Mkachanga, nikaenda Nairobi. Ati nitapasuliwa na roboti! Msicheke, hata mimi nilitafuta mlango wa kutorokea. Lakini ni daktari anayeiendesha, ameketi pembeni, na ile mikono ya chuma inafuata yake. Wakatoa springi zote mbili pamoja na mirija. Niliamka nikiwa na vidonda vidogo tu, kama mashimo ya mbegu.

Mzee alisikia, akaja. "Tuonyeshe mahali walikupasua." Nikamwonyesha. Akatazama sana.

"Hivi tu?"

"Hivi tu."

Akalia. Akasema, "Kama ningejua, mama watoto."

"Si nilikuwa nakuambia?"

Alimaliza chai, akarudi Endebess kwa mke wake.

Nimepona, jameni. Lakini bado nasonga ugali wa kumtosha na yeye, halafu naupa kuku.

Nawashukuru nyote, na wewe wa kabichi zaidi. Mtu wako akisema anaumwa, mwamini kabla ya picha. Ile picha iliokoa tumbo langu. Ndoa yangu ilikuwa imeshaenda.